Kuku Wawili

Kazi yangu ni karatasi za wafu.
Toledo, ghorofa ya chini, hifadhi ya nyaraka:
glavu za pamba, taa isiyochoma wino,
leja ya kanisa iliyoliwa na nondo pembeni.

Jumanne nilikumbana na mstari huu:
*Kwa algebrista, kwa mkono wa mtoto wa mpiga kengele,
kuku wawili na pishi ya shayiri.*

Nilicheka peke yangu.
Nani, mwaka wa ukame,
atoe kuku kwa mtu wa milinganyo?
Nikamwona mtoto akilia chini ya mnara
na bwana mwenye chaki akimwambia, tulia,
kwanza tuitafute thamani ya x.

Kumbe neno lilikuwa na mikono.
Kabla halijavaa miwani likaingia darasani
lilipita nyumba kwa nyumba na vibanzi,
matambara, ute wa yai.
Al-jabr, walisema Waarabu: kukirudisha kilichovunjika.
Kisha mwanachuoni wa Baghdadi akatazama hesabu yake,
upande mmoja umepunguzwa, unachechemea,
akaurudishia kilichopungua, na upande wa pili vilevile,
akaliita tendo hilo kwa jina la waunga mifupa.
Kilatini kikalibeba zimazima,
kama mpagazi na sanduku asilo na ufunguo wake;
hata ile *al* ya mbele, isiyo na uzito wowote,
ikavuka milima imeng'ang'ania.
Hapa kwetu Kastilia likagawanyika:
moja likapanda ngazi za chuo,
moja likabaki kwa kinyozi, kati ya wembe na koleo la meno.

Niliandika hayo kwenye kadi. Simu ikalia.
Mama ameteleza jikoni, maji ya kunde,
kifundo cha mkono.

Muuguzi alitoka Tetuani, ng'ambo ya mlango wa bahari.
Ghizlane Temsamani, ilisema beji yake.
Mama, Casilda, miaka sabini na minane,
hajawahi kunyamaza mbele ya daktari yeyote,
akamweleza habari ya leja yangu, kuku na yote,
ili asiutazame mkono.
Ghizlane akasita, bendeji hewani.
"Kwetu bado yupo," alisema. "Jebbar.
Babu yangu alikuwa mmoja, sokoni, nyuma ya wauza mnanaa.
Hesabu yenyewe ndiyo iliyonishinda shuleni.
Na mzizi huohuo, bibi, una maana nyingine."
"Ipi?"
"Kulazimisha."
Akavuta.

Mama alitaja watakatifu ambao siwajui.

Wiki sita. Plasta ilipokatwa
mkono ulitoka mweupe, mwembamba, kama mgeni,
na umepinda kidogo kuelekea kidole gumba.
Nilitafuta neno la kumfariji.
Nilijua asili ya neno moja kwa lugha tatu
na halikunifaa.
Yeye akashika kikombe, kikatikisika, kikatulia.
"Si ule wa zamani," alisema,
"lakini unafika mdomoni."

Kisha akaniuliza, na kuku je?
Kuku gani, mama?
Wake. Kuku wake wawili.

Hatufugi; tunaishi orofa ya nne.
Tulinunua wa kuchoma, kona ya mtaa wa wahunzi,
tukapanda basi, mfuko magotini,
mafuta yakipenya karatasi, abiria wakigeuza shingo.
Ghizlane alikuwa zamu ya usiku. Tulingoja.
Alipotuona alicheka hadi akashika ukuta,
akauliza kama shayiri inakuja kesho.

Nimerudi ghorofa ya chini. Kadi iko mezani.
Mbele ya *algebrista* niliandika: mwunga mifupa.
Niliandika kwa penseli. Natamani kuongeza kitu
kuhusu kikombe kile, lakini kadi ni ndogo,
na vidole vyangu bado vinanukia kitunguu saumu;
leja hairuhusiwi kuguswa hivi.
Nakwenda kunawa tena.