Miezi Minne na Siku Kumi

Barua ilitoka bomani, ikaja Langoni mkononi mwa tarishi.
Jina lilikuwa limekosewa: Lari Famao.
Kwa herufi mbili tu
nyanya yangu alitumaini, kitambo kidogo,
kwamba aliyekufa ni huyo mwingine.

Mfungwa wa vita. Kambi ya Italia, kaskazini,
kule maji husimama yakawa mawe.
Mapafu. Mwezi wa pili, tarehe saba.
Karani aliisoma mara mbili, kisha akaomba maji ya kunywa.

Nyanya hakulia. Alihesabu
kwa pingili za vidole:
miezi kumi na mmoja barua iko njiani.
Akajitanda buibui, akaenda kwa kadhi,
akasimama nyuma ya pazia.

"Eda huhesabiwa tangu kifo, Somoe, si tangu habari.
Miezi minne na siku kumi imeshapita.
Eda yako imekwisha. U huru."

Imekwisha! Nani aliyeikaa?
Ilipita mle nyumbani bila hodi.
Ndani ya siku zile alitia hina ya Maulidi,
alivaa kikuba harusini kwa binamu yake,
alicheka hadi akashika mbavu.
Alitia halua katika kopo, akaipeleka posta,
iende kwa mtu aliyekwisha kuzikwa.

U huru, aliambiwa mke wa mfungwa.

Akarudi, akavua bangili,
akageuza kioo kikatazama ukuta.
"Kitabu sikikatai, mama.
Lakini Lali alikufa mimi nacheka.
Takaa."
Akakaa. Majirani hawakujua kukaa kule wakuite nini.

Vita vilipokwisha alikuja Kaingu, Mgiriama wa huko Malindi,
amekonda, koti la jeshi limempwaya.
Alitoa kijiko cha bati.
Lali, mchonga milango, alikuwa amekikwaruza mpini kwa msumari:
yungiyungi moja, na nusu ya la pili.
"Siku ya kumzika hapakuwa na Mwislamu mwingine," alisema.
"Nilisema maneno aliyokuwa akiyasema usiku, nilivyoyasikia.
Sijui kama niliyapatia."
Nyanya akamwambia ayaseme tena.
Akayasema, kombokombo, macho chini.
"Yamefika," nyanya akasema, akamwandalia chakula.

Maisha yake yote nyanya alikula kwa mkono.
Kijiko kilikaa kidakani, kikashuka mara moja kwa mwaka,
jioni ya tarehe saba, mwezi wa pili:
uji usio sukari, vijiko vitatu,
kisha akakiosha, akakirudisha.

Sasa kidaka ni changu, na kijiko.
Mwaka huu kulikuwa na ada za shule, na bomba lililopasuka.
Nimekumbuka leo, tarehe ishirini.
Nimehesabu kwa pingili, nikaanza upya, nikahesabu tena.

Nimeinjika uji.