Mashahidi Wawili

Aliisukuma kwa mikono toka mzunguko wa Bunyala,
Mzee Kitheka, kofia ngumu ikining'inia kiwikoni,
kilo mia tatu kasoro za pikipiki ya safari,
masanduku mawili ubavuni
yenye vumbi la Marsabit ambalo hataki lioshwe.
Hakusema habari za asubuhi. Alisema:
"Imenigomea tena."

Alikuwa ameshapita kwa mafundi watatu.
Wa kwanza alibadilisha betri.
Wa pili, pampu ya mafuta.
Wa tatu alimwuzia koo jipya la injini
kwa bei ya ng'ombe wawili, kisha akamshauri auze pikipiki.

Nilipojifunza kazi Gikomba, chini ya Fundi Okumbe,
mkono wa mafuta ulikuwa na kebo ya chuma.
Unazungusha, inavuta, koo linafunguka.
Ikikatika unaishika ncha, unaiambia:
umekufia hapa.
Sasa mkono hauvuti kitu.
Mkono unaomba.
Ndani ya kishikio wamekaa mashahidi wawili,
kila mmoja anapeleka volti zake
kwa kompyuta iliyojificha chini ya kiti.
Huyu akisema robo, na yule sharti aseme robo.
Wakipishana, kompyuta haitafuti mwongo ni nani.
Inafunga duka.
Taa ya manjano inawaka,
injini inabaki kunong'ona,
na nyuma yako lori la mchanga linapiga honi.

"Iligoma wapi?"
Bunyala.
"Na kabla ya Bunyala?"
Langoni kwangu, Syokimau.
"Na Isiolo kwenda juu, siku nzima?"
Haikukohoa hata mara moja.
"Langoni kwako unakata upande gani?"
Akanyamaza. Akainua mikono, akapinda usukani wa hewa,
akasema kwa haya, kama anayetaja maradhi ya siri:
"Kushoto."

Nikamwambia Chebet ashike usukani.
Mimi na multimita tukapiga magoti kwenye saruji yenye oili.
Katikati: wanapatana.
Kulia: wanapatana.
Kushoto, polepole, polepole, Chebet,
polepole nimesema,
hapo.
Shahidi wa pili akameza neno.

Tukaivua tangi. Shingoni, palipojikunja nyaya,
ngozi nyeusi inang'aa, nzima, haina hata mkwaruzo.
Macho yangeapa hapana kitu.
Nikaipapasa kwa kidole gumba, inchi kwa inchi,
mpaka pakalegea, kama mfupa
uliovunjika ndani ya nyama nzima.
Nikapasua.
Nyuzi saba za shaba. Sita zimekatika, zimeota kijani.
Ya saba inagusa inapojisikia.

Na juu yake, kibano cha plastiki kimekazwa
kama mshipi wa mtu anayeficha kitambi.
"Nani alifunga hiki?"
Mzee akatazama Barabara ya Lusaka,
mikokoteni, mvuke wa chai, mwanamke anayeuza boliti kwa kilo.
"Mimi. Nilipokuwa natia taa za ukungu,
usiku wa kuamkia safari.
Nilitaka isicheze."

Sikujibu. Kuna mambo pasi ya kulehemu huyajibu vizuri zaidi.
Nikaunga, nikavisha ngozi mpya, nikaipasha ikabana,
nikaiachia nyaya ulegevu wa vidole viwili
ili shingo igeuke bila kuomba ruhusa.
Elfu mbili mia tano, na waya nusu mita.
Alihesabu noti mara mbili,
kama mtu anayetafuta kosa limwongezee deni.

Aliondoka saa kumi, mawingu yakishuka upande wa Ngong.
Nilisimama mlangoni na multimita mkononi bado.
Akakata kushoto.
Mlio haukukatika.

"Na ikigoma tena, huko Maralal?" Chebet akauliza,
akifuta magoti yake kwa gazeti.
"Atapiga simu."
"Utamwambia nini?"
"Nitamwuliza alikuwa anageukia wapi."