Kibodi Isiyo na A

Ilikufa Jumanne, herufi A,
kwa tone la asali ya Sikonge
lililoponyoka kijikoni
nikiandika risiti ya ndoo nne.
Nimeibandua kwa kisu cha mkate,
nimepitisha spiriti, pamba, dua.
Kimya.

Wenye lugha nyingine wangevumilia.
Kiswahili bila A ni ndoo iliyotoboka.
Jina langu likawa Klunde.
Mji ukawa Tbor.
Risiti ya mteja wa Isevya ikasema: sli, ishirini,
akanipigia simu kuuliza kama ni dawa.

Nikakaa nikahesabu waliopona.
Nyuki, wazima, hawakupungukiwa kitu.
Mimi. Wewe. Moyo. Mungu.
Treni.
Umeme nao uliandikika vizuri,
ingawa ukutani haukuwepo,
na kile kisanduku cha betri kilikuwa kikilia
chini ya meza kama kifaranga kilichopotezana na mama.
Deni likabaki na herufi zake zote.

Vitu vyangu mnavijua, majirani wa Kanyenye:
kipanya kisicho na mkia, mla betri;
kioo chenye uzi wa kijani upande wa kulia,
nimeuzoea kama kovu la mtu wa nyumbani;
flashi tatu kwenye kamba moja ya kiatu;
feni niliyoichomoa kwenye mashine ya ushirika wa tumbaku
siku walipoitupa, ikiwa bado ina harufu ya ghala.
Mama mdogo husema kwa fedha hiyo
ningekuwa na ng'ombe sasa.
Ng'ombe haongezewi memori, mama mdogo.

Nikaazima A kwenye barua ya zamani,
nikawa naibandika moja moja
kama anayeshona vifungo vya shati la mwanafunzi.
Barua ya kuomba mkopo ilinichukua mpaka adhuhuri.

Lakini mchezo wa magari haukubali kubandikiwa.
Humo A ndiyo kushoto.
Wiki nzima, saa nne za usiku,
nimeendesha kwa kulia,
kulia, kulia, kulia, ndipo nifike kushoto,
nikigonga ukuta uleule wa matairi,
nikipitwa na madereva wasio na nyuso.
Ijumaa nilishika nafasi ya saba.
Nilipiga kigelegele, mbwa wa jirani akajibu.

Baba akaamka, akaja kusimama mlangoni na shuka lake.
Miaka thelathini na moja stesheni,
chumba cha telegrafu, dirisha la kwanza.
"Hivyo vitufe ni vingapi?"
"Mia moja na vinne."
"Na unalia kwa kimoja?
Mimi nilikuwa na kimoja tu.
Kimepeleka misiba Kigoma, kimeharakisha mahari Mpanda,
mabehewa ya chumvi ya Uvinza
nimeyaita kwa kidole hiki."
Akagonga meza. Fupi, ndefu.
"Hiyo ndiyo A," akasema, akarudi kulala.

Msabila wa stendi kaniletea mpya jana,
ina taa za rangi zote chini ya vitufe,
inang'aa kama duka la simu mkesha wa Idi.
Kwa mkopo. (Nimeshasema: deni halikuwa na tatizo.)
Nimeandika asali, asali, asali,
ukurasa mzima, bila kuuza hata tone.
Nimekata kushoto safi kama maji,
nikamaliza wa kumi na moja.

Ile ya zamani nilitaka kuitupa.
Baba akaing'oa A kwa ukucha,
akaitia mfuko wa shati, pamoja na kiberiti
na ratiba ya treni ambazo hazipiti tena.

Usiku, ng'ambo ya ukuta, nasikia:
fupi, ndefu.
Fupi, ndefu.
Halafu nyingine, za haraka,
ambazo bado sizijui.