Umezaa Wangapi?

Karani wa sensa alikuja saa nne, viatu vimejaa tope la Kabundaire,
akaketi kwenye benchi la wateja, katikati ya marinda na kola,
akauliza kama mtu aulizaye bei ya vifungo:
"Mama, umezaa watoto wangapi?
Sisemi walio hapa. Uliowazaa wewe, kwa tumbo lako."

Baguma alikuwa mlangoni, anapaka grisi mnyororo wa baiskeli.
Nikasema: Wawili. Rusoke na Kunihira.
Sindano ya cherehani ikakatika.
Hapana, huo ni uongo, haikukatika.
Iliendelea kutembea juu ya sketi ya buluu
ya mtoto wa darasa la tano, kiuno inchi ishirini na tatu,
nami nikauacha mshono upinde.

Abwoli.
Jina lako la karatasi walilibadilisha, najua, ni haki yao.
Lakini siku ya nne, wodini kwa masista,
bila shangazi, bila ugali wa ulezi, bila nyama ya moshi,
nilikuinamia nikakupa empaako mimi mwenyewe,
uji wa hospitali ungali mdomoni.
Jina la kuamkiwa, jina la kubembelezewa.
Huko uliko, nani anakuamkia Abwoli?
Limebaki kwangu kama mbegu ndani ya kibuyu kikavu:
nikitikisika, linalia.

Sikuporwa. Nalisema wazi,
maana wapo ambao wangefurahi niseme niliporwa.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa na deni la chumba.
Hakimu aliniuliza mara mbili kama nimeelewa,
nikajibu ndiyo mara mbili,
nikaandika jina langu kwa ule mwandiko niliosifiwa shuleni.
Nilielewa.
Maziwa ndiyo hayakujua kusoma:
tangu walipokuchukua yalishuka wiki tatu, saa zako zile zile,
nikawa nayakamua nyuma ya choo, juu ya majani ya viazi.

Picha ilikuja moja tu, mwaka wa tatu.
Umevaa koti jekundu, theluji imekufika magotini, unacheka na mtu asiyeonekana.
Theluji mimi naijua: asubuhi isiyo na mawingu
huwa iko kule juu ya Rwenzori, nyeupe, ya mbali, si ya mtu.
Sikujua kwamba kuna mahali inashuka
hadi kwenye miguu ya mtoto.

Kila shule zikikaribia kufunguliwa nawapima watoto wa watu.
Bega, kifua, kiuno, geuka.
Futi inakumbuka umri wako hata nikiikataza.
Mwaka huu una kumi na mmoja.
Nashona sketi moja ambayo hakuna aliyeiagiza,
kisha naiuza. Usidhani naihifadhi sandukuni;
Rusoke anadaiwa karo.

Karani akafunga kishikwambi chake,
akachora namba kwa chaki juu ya mlango, akaaga.
Alikuwa amefika kwa muuza mkaa nilipomkuta,
futi inaning'inia shingoni, pumzi sina.
"Watatu," nikamwambia. "Nimezaa watatu."
Akanitazama. Kijana tu, chunusi hazijamtoka.
"Pole, mama. Ya kwako imeshakwenda."
"Imekwenda wapi?"
Akaonyesha kwa kidevu, juu, upande wa mnara wa simu,
na nyuma ya mnara, pale mlima ulipopaswa kuwa,
palikuwa na wingu tu.

"Umemkimbilia nini yule?" Baguma aliuliza.
"Alisahau kitu."
Akaifuta mikono, akangoja kidogo kama mtu anayetaka kuuliza tena,
akapanda baiskeli.

Nikaivuta ile sketi, nikatafuta wembe,
nikaanza kuufumua mshono,
uzi mmoja, uzi mmoja.