Yaliyozidi Ukurasa wa Shukrani

Chuo kilinipa ukurasa mmoja tu.
Nikaushukuru mfuko wa ufadhili, nikamshukuru msimamizi,
nikafunga tasnifu kwa jalada gumu la damu ya mzee:
Shahada ya Uzamili, Sayansi ya Maji.
Haya ni yaliyobaki nje.

Nakushukuru wewe usiyenijua,
uliyekaa mbali na rundo la maombi mezani
ukalifikia langu saa macho yamechoka,
ukasoma: Minza Kwilasa, Mabatini, Mwanza,
anataka kujua kilichomo ndani ya maji.
Hukucheka. Ukagonga muhuri.
Muhuri huo ukapandishwa mawe hadi kwetu,
hatua mia na tisa
(nilizihesabu utotoni, ndoo kichwani),
na mama akaibusu bahasha
kabla hajauliza imesemaje.

Nalishukuru jokofu la soda la Mama Nyanzala,
lililozilaza chupa zangu za sampuli
ubavuni mwa soda za machungwa.
Wateja wakauliza, “Na hii bei gani?”
Naye: “Hiyo ni Mto Mirongo.
Hainyweki. Inasomwa.”

Namshukuru Mzee Bujiku wa maabara,
aliyenifundisha kuosha kioo:
“Mara tatu, binti. Maji ni shahidi,
usimtie maneno mdomoni.”

Magugu maji ya Kirumba, nanyi pia,
mlioushika mtumbwi wetu nusu siku nzima
kama mwiko kwenye ugali uliokaza;
hapo ndipo nilipojifunza kusubiri.

Nanyi konokono wadogo wa Igombe,
mliotulia chini ya lenzi nikiwahesabu
huku nikimkumbuka kaka yangu Lushinge:
alikojoa damu akiwa na miaka kumi,
nasi tukampongeza.
Tulisema amekua.

Lakini ipo shukrani isiyopita kooni.

Nyuma ya nyumba yetu, kati ya majabali mawili,
ipo chemchemi. Mama aliichota, akaiuza
shilingi hamsini ndoo,
na ndoo hizo zikawa daftari, zikawa viatu,
zikawa nauli ya kwenda kusoma maji.
Masika yale nikaipa namba: sampuli ya thelathini na moja.
Nikaiatamisha usiku kucha kwenye joto.
Asubuhi karatasi ya chujio
ilikuwa na madoa ya buluu, imetapakaa
kama bawa la kanga.

Nikarudia. Nikaosha kioo mara tatu,
nikarudia tena.
Shahidi hakubadili neno.
Vyoo viko juu, sisi tuko chini,
na mvua haijui mpaka wa kiwanja.

Nikapanda hatua mia na tisa mikono mitupu
na sijawahi kubeba mzigo mzito kama ule.
Mama alikuwa anachambua dagaa.
Nikamwambia.
Akachambua sita, saba, wa nane, hakuinua uso.
Kisha: “Kumbe ndicho walichokulipia,
uje uniambie mimi.”

Ilikuwa lawama? Ilikuwa baraka?
Mpaka leo sijui. Hakuna kipimo chake.

Kulipokucha akaifunika chemchemi kwa bati,
juu ya bati jiwe, juu ya jiwe akakaa mwenyewe,
akiwaambia majirani mmoja mmoja
walipofika na madumu yao:
“Mwanangu ameyasoma haya.
Nendeni bombani. Na ya bombani mchemshe.”
Wa kwanza alimcheka. Wa tano akarudisha dumu begani.

Ewe usiyenijua,
fedha yako iliishia hapo:
kwenye bati lenye kutu, jiwe,
na kitenge cha mama kilicholowa umande.

Ndani ya jalada niliandika “shukrani za dhati,”
maana ndivyo chuo kinavyotaka.
Huku nje nakwambia kwa kinywa cha nyumbani:
wabeja.
Na ukifika Mwanza, ukipanda mawe yetu ukihema,
nitakupa kikombe kabla ya salamu.
Yamechemka. Yamepoa.
Kunywa.