Bawabu wa Langoni

Kila usiku naushika mlango mara tatu.
Komeo la juu, komeo la chini, kisha kiganja
kwenye mbao, kama ampimaye mtoto homa.
Shamsa ashazoea. Watoto huhesabu wakicheka.
Mimi fundi wa milango; nimechonga mingi mjini Lamu,
sijachonga hata mmoja ninaouamini.

Twahira, mshauri, ana chumba juu ya duka la vitambaa.
Hakuniambia niache. Aliuliza:
"Huyo akushikaye mkono usiku, ana miaka mingapi?"
Nikataka kucheka. Feni ikazunguka.
Hapa, chini ya koo, mtu akajibu:
kumi na mmoja.

"Muulize, akilala anaogopa nini?"

Nikilala watafunga kwa nje.

Basi nikakumbuka ghala, chini ya ngazi.
Nina miaka saba, mikono imejaa sabuni,
nikainawia mle mle birikani. Alfajiri
wale samaki wadogo, wala viluwiluwi vya mbu,
walielea matumbo juu.
Ami hakupaza sauti. Alinishika sikio tu,
akanitia ndani, akavuta komeo.
Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita.
Adhana niliisikia kama habari za mji mwingine.

Na huyu wa kooni akaja baadaye, akashika zamu,
miaka thelathini bila mshahara wala likizo,
nami namtukana: mwoga, mwehu, mzigo.
Nikamwambia, ahsante.
Akatazama pembeni, kama kibarua
aliyekwisha sahau kuwa kazi hulipwa.
Nikamwomba ruhusa nipite.
Ufunguo alinipa. Mkono hakuuachia.

Yule wa saba alikuwa bado mle,
kwenye harufu ya nazi kavu na panya.
Sikumvuta. Nilikaa sakafuni, mbali kidogo.

"Samaki wamefufuka?"
"La."

Kimya kirefu.

"Uliambiwa unawe, ukanawa," nikasema. "Basi."

Hakutoka siku ile.
Ila alisogea, akaegemeza kichwa hapa, ubavuni,
na uzito wake nikaubeba vichochoroni,
nikiwapisha punda wa mchanga,
taratibu, nisije nikamwamsha.

Jana usiku bawabu aliamka kama ada yake.
Nikamwambia, keti barazani, kahawa ipo,
tangawizi imezidi kidogo, utanisamehe.
Akaenda mlangoni hata hivyo.
Gizani Shamsa akahesabu: moja.
Mbili.
Akangoja.