Saa Tatu Zilizopotea

Mashine haikusema uongo.
Ilisema saa ya kwao.

Diski ililetwa ofisini kwangu Upanga ndani ya bahasha ya kaki,
diski ya chama cha akiba na mikopo, Mtoni,
na karatasi ya Afande Rweyunga iliyogongwa mhuri mara mbili:
*Saa 15:07. Jina la mtumiaji: hpazi.
Milioni kumi na moja na laki nne.*
Chini yake, kalamu nyekundu:
*Yaani saa tisa na dakika saba alasiri.
Mtuhumiwa alikuwa peke yake kaunta.*
Kesi imeiva, akasema. Wewe weka sahihi tu.

Sikuweka.
Nilifungua programu, nikaimiminia kumbukumbu,
mistari laki mbili na ushee. Ikapepeta.
4625: amebisha hodi, neno la siri limemkataa.
4625 tena.
4624: ameingia.
Na pembeni tarakimu moja ambayo afande hakuijali:
aina ya pili.
Maana yake hakuna jini wa mtandaoni.
Mtu alivuta kiti, akagusa kibodi kwa vidole vyake.

Kisha 1102: kumbukumbu zimefutwa.
Huu ndio mstari ninaoupenda kuliko yote.
Humu, anayefagia nyayo zake
huandikwa kuwa amefagia, kwa jina na kwa dakika.
Yaliyotangulia niliyaokota vipande vipande
kwenye sakafu ya diski.

Lakini saa.

Programu haina kwao. Usipoiuliza
inakupa saa ya Griniwichi, kwa upole wote,
kama ndugu aliye ng'ambo anayekupigia usiku wa manane
akidhani na kwako kumekucha.

Nikaenda Mtoni. Mlinzi, Kassian Haule,
alikuwa na daftari la mistari
lililofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli.
Ameandika kwa saa anayoijua, ile inayoanza na jua:

*Saa 8 mchana umeme umekata.
Saa 11 kasoro 8 umerudi.
Saa 11 na robo dada Havijawa ametoka ana mfuko wa nyanya.
Saa 12 kamili meneja amerudi. Amesahau miwani.*

Mstari wa pili niliurudia hadi chai ikaota utando.
Kwenye diski, siku hiyohiyo, namba 41:
nilizimwa bila kuagwa, sasa nimeamka. 13:52.

Giza moja, madaftari mawili.
Hili linasema kumi na moja kasoro nane,
lile kumi na tatu na hamsini na mbili,
na yote ni kweli
ukijumlisha tatu, kisha ukatoa sita.
Ile sita kila mtoto wa Dar huitoa bila kufikiri
akisoma saa ya simu na kuitamka kwa mdomo.
Ile tatu ndiyo iliyomlaza mtu Segerea.

Kwa hiyo 15:07 si tisa alasiri.
Ni kumi na mbili na dakika saba,
muadhini anajaribu kipaza sauti,
na Havijawa Pazi yuko Mbagala, anakatakata nyanya.

Kisutu wakaniuliza: Basi ni meneja?
Nikasema: Mkono sijui ni wa nani.
Najua ulikuwepo, na Havijawa hakuwepo.
Wakili akataka zaidi.
Programu haina zaidi. Nami sina.

Kesi ikaahirishwa hadi tarehe kumi na tisa.
Havijawa hakunishukuru. Miezi minne rumande
imemzoesha kutazama viatu vya watu.
Aliyenifuata hadi kwenye ngazi ni Kassian.
Dada, daftari langu linarudi lini?
Nikamwambia sasa ni kielelezo, limepewa namba.
Akanyamaza, akihesabu kitu kichwani.

Bado lina kurasa arobaini, akasema.
Na leo usiku niko zamu.